Mwalimu Anne Sullivan (1866–1936): Lugha, Milango ya Fahamu na Maisha ya Kila Siku

Katika somo la Saikolojia ya Elimu wanachuo hufundishwa kwamba mawasiliano hayatimii mpaka pawepo mtoaji, ujumbe, njia ya kuupitishia na mpokeaji. Na kwamba mtoto huupokea ulimwengu kwa milango mitano ya fahamu. Maneno haya huandikwa daftarini, hukaririwa kabla ya mtihani, na aghalabu hubaki huko huko daftarini siku mwanachuo anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Sisi tunaosimamia mazoezi hayo tumeketi nyuma ya madarasa mengi, tukawasikia watoto sitini wakiimba kwa pamoja neno la Kiingereza la meza na lile la kiti, huku macho yao yakiwa dirishani, na mwalimu akiandika katika andalio lake kwamba lengo la somo limefikiwa. Kwa hiyo, badala ya kuirudia nadharia, tumeona vema tusimulie maisha ya mwalimu mmoja ambaye mwanafunzi wake alikuwa amefungiwa milango miwili mikubwa ya fahamu, naye akalazimika kuigundua nadharia hiyo mwenyewe, mezani, bustanini na kisimani. Na baadaye akailetea riziki jukwaani mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio.

Jina la Anne Sullivan limeenea duniani zaidi kwa njia ya maigizo. Mchezo ulioandikwa na William Gibson juu yake ulionyeshwa kwanza katika televisheni ya Marekani mwaka 1957, ukapelekwa jukwaani New York mwaka 1959, na mwaka 1962 ukawa filamu, ambayo waigizaji wake wakuu wawili, Anne Bancroft na Patty Duke, walipata tuzo za Oscar. Kilele chake ni pale mtoto kipofu na kiziwi, Helen Keller, anapomwagikiwa na maji mkononi na kutambua ghafla kwamba vitu vina majina. Mtazamaji hutoka ukumbini akiamini kwamba elimu humshukia mtoto kama radi. Tukio lile ni la kweli. Lakini yaliyolitangulia, na hasa yaliyolifuata, hayaonyesheki kwa urahisi jukwaani, nayo ndiyo yamhusuyo mwalimu zaidi.

Anne alizaliwa tarehe 14 Aprili 1866 huko Feeding Hills, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji maskini kutoka Ireland. Alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi alishikwa na trakoma, ugonjwa wa macho ambao sisi huuita vikope, ukampunguzia nuru kidogo kidogo. Mama yake alikufa kwa kifua kikuu Anne akiwa na miaka minane, na baba akashindwa kuwalea watoto. Mwezi Februari 1876 Anne na mdogo wake Jimmie walipelekwa katika nyumba ya maskini ya Tewksbury, mahali walipowekwa pamoja wazee, wagonjwa, wendawazimu na yatima. Jimmie, aliyekuwa na ugonjwa wa nyonga, alikufa baada ya miezi michache. Dada yake alibaki pale zaidi ya miaka minne, pasipo darasa wala kitabu.

Mwaka 1880 walifika wakaguzi wa serikali ya jimbo, wakiongozwa na Frank Sanborn. Anne, ambaye aliwaona kama vivuli tu, aliwafuata kutoka chumba hadi chumba, na mwishowe akapaza sauti kwamba anataka kwenda shule. Mwezi Oktoba mwaka ule ule aliingia shule ya vipofu ya Perkins mjini Boston. Alikuwa na miaka kumi na minne, hajui kusoma wala kuandika, akiketi na watoto waliokuwa wadogo wake sana. Mwanachuo aliyewahi kuona kijana mkubwa akichekwa katika darasa la kwanza ataielewa hali yake. Alifanyiwa upasuaji wa macho mara kadhaa, akapata nuru ya kutosha kusoma maandishi ya kawaida, na mwaka 1886 alihitimu akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Pale Perkins aliishi mwanamke aliyeitwa Laura Bridgman. Laura alipoteza macho na masikio katika utoto kwa ugonjwa, akaletwa shuleni mwaka 1837 akiwa na miaka saba. Dakta Samuel Gridley Howe alimfundisha kwa kubandika vijikaratasi vyenye herufi za mwinuko juu ya vitu vya nyumbani kama kijiko, kisu na ufunguo, mpaka Laura akaweza kukilinganisha kila kijikaratasi na kitu chake. Kisha akafundishwa alfabeti ya vidole, ambayo mtu huitahajia katika kiganja cha mwenzake. Anne alijifunza alfabeti hiyo kwa ajili ya kuzungumza na Laura tu. Hakuwa na mpango wowote wa kuifanya kazi ya maisha yake.

Kazi ilimjia kwa barua. Kapteni Arthur Keller wa Tuscumbia, Alabama, alikuwa na binti aliyezaliwa mwezi Juni 1880 mzima kabisa, akaugua vibaya akiwa na miezi kumi na tisa, na kubaki kipofu na kiziwi. Alexander Graham Bell, ambaye wengi humjua kwa simu tu ingawa alikuwa pia mwalimu wa viziwi, alimshauri aandikie Perkins. Mkuu wa shule, Michael Anagnos, alimteua Anne. Kwa miezi kadhaa Anne alisoma taarifa za Dakta Howe juu ya Laura, kisha akapanda gari moshi. Alifika Tuscumbia tarehe 3 Machi 1887, akiwa na umri wa miaka ishirini, macho yamemvimba, na ndani ya sanduku lake mna mwanasesere aliyetolewa na watoto wa Perkins.

Hapa inafaa tusahihishe picha ya filamu. Helen hakuwa kiumbe asiye na mawasiliano. Alikuwa na ishara zake zaidi ya hamsini. Kumsukuma mtu kulikuwa na maana ya kumwambia aende, na kumvuta kulikuwa na maana ya njoo; akitaka mkate aliigiza kukata vipande na kuvipaka siagi. Martha Washington, mtoto wa mpishi wa nyumba ile, alizielewa ishara hizo vizuri kuliko watu wazima. Kwa hiyo mtoaji alikuwapo, njia ilikuwapo, na mpokeaji pia. Kilichokosekana ni mfumo wa alama unaoweza kukua. Mwalimu mtarajiwa na alizingatie sana hili, kwa maana hakuna mtoto aingiaye darasa la kwanza mikono mitupu.

Siku ile ya kwanza Anne alimpa Helen mwanasesere, akamtahajia jina lake kiganjani. Helen alifurahia mchezo ule wa vidole, akauiga barabara. Katika siku zilizofuata aliiga maneno mengine kadhaa. Mtu angeingia chumbani wakati ule angeshangilia. Anne hakushangilia. Alitambua kwamba vidole vya mtoto vinajua na mtoto mwenyewe hajui. Tunakiri kwamba kila tunaposikia darasa likiitikia kwa sauti moja huwakumbuka vidole wale.

Tatizo lililomsumbua zaidi lilikuwa la kikombe na maji. Helen aliyachanganya maneno hayo mawili bila kukoma. Kila alipoletewa maji yalikuwa ndani ya kikombe, na kila aliposhika kikombe alikunywa. Kwake yeye kikombe, maji na kunywa vilikuwa jambo moja lisilogawanyika, na neno lolote kati ya hayo lingefaa. Miaka mingi baadaye, mwaka 1915, Edgar Rubin, mwanasaikolojia wa Denmark, alieleza kwamba ili tukitambue kitu ni lazima akili zetu zikitenge na mandhari yake. Naye alitumia ule mchoro mashuhuri ambao mtu huona mara chombo cha maua, mara nyuso mbili zinazotazamana. Helen hakuweza kuona mchoro wowote, ila tatizo lilikuwa lile lile. Maji yalikuwa yamezama ndani ya mandhari.

Tarehe 5 Aprili 1887 Anne alimpeleka kwenye nyumba ya kisima, akampa kikombe ashike chini ya bomba, na mtu akapiga pampu. Maji ya baridi yalijaa, yakafurika juu ya mkono. Katika mkono wa pili Anne alitahajia jina la maji, pole pole kwanza, kisha kwa haraka. Sasa kikombe kilikuwa kimetulia vile vile, hakibadiliki, na maji ndiyo yaliyokuwa yakienda. Mandhari imesimama, kitu kinatembea. Helen akaduwaa, akaliandika neno lile mara kadhaa kwa vidole vyake, akaanza kugusa ardhi, pampu na vyote alivyovikuta njiani akitaka majina yavyo. Kabla ya kulala alikuwa amepata maneno kama thelathini. Miongoni mwake lilikuwamo neno la mwalimu, na hilo ndilo jina alilomwita Anne mpaka kifo.

Filamu inakomea hapa, nasi tunadhani kazi kubwa inaanzia hapa. Siku tano tu baadaye Anne alibadili njia yake yote. Nyumbani kwa akina Keller palikuwa na mtoto mwingine wa ukoo, mwenye umri wa miezi kumi na mitano. Anne alimtazama kwa makini. Mtoto yule alipoulizwa pua yake iko wapi aliigusa. Alipoambiwa aende kwa mama alikwenda. Alielewa mengi, ilhali mwenyewe hakuweza kusema ila maneno machache. Wala hakuna mtu aliyekuwa amemketisha kwenye kiti na kumfundisha neno moja moja. Alikuwa amezungukwa na mazungumzo mchana kutwa, naye aliyapokea muda mrefu kabla ya kuyatoa.

Anne akafikia uamuzi uliohitaji ujasiri kwa mtu wa miaka ishirini asiye na cheti cha ualimu. Aliacha vipindi vya saa maalum. Kuanzia hapo alizungumza katika kiganja cha Helen kama watu wanavyozungumza katika sikio la mtoto mchanga, kwa sentensi kamili, pasipo kungoja kwamba kila neno limeeleweka, akichanganya na ishara pale maana ilipokwama. Walipotembea, alimweleza njia. Walipokuta kuku anatotoa vifaranga, alimweleza na kumwekea yai mkononi. Kando ya mto Tennessee walijenga mabwawa ya kokoto, visiwa na maziwa, na Helen akadhani wanacheza, kumbe ile ilikuwa jiografia. Tarehe 17 Juni mtoto yule aliandika barua yake ya kwanza kwa kalamu ya risasi, na kufika mwisho wa Agosti alikuwa na maneno 625.

Ieleweke kwamba Anne hakuyatupa mafundisho ya Dakta Howe. Bila alfabeti ile ya vidole asingekuwa na njia. Tofauti ni kwamba Howe alianza na neno, akajenga lugha juu yake kama mtu ajengaye ukuta kwa tofali, hali Anne alianza na mazungumzo, akamwacha mtoto ayachume maneno mwenyewe. Hata mambo yasiyoshikika yaliingia kwa njia hiyo. Siku moja Helen alikuwa akitunga shanga kwa mafungu, mbili kubwa, tatu ndogo, akakosea, akatulia akitafuta kosa lake. Anne aligusa paji la uso wa mtoto na kutahajia neno la kufikiri. Hakutoa maelezo zaidi. Neno lilifika wakati jambo lenyewe lilipokuwa likitendeka.

Tusije tukadhaniwa kwamba tunamfanya mwanamke huyu malaika. Majuma yake ya kwanza Tuscumbia yalikuwa ya mapambano. Helen alizoea kuzunguka meza akichota chakula katika sahani za watu, na Anne alipomzuia walishikana kwa saa nzima, vijiko vikiruka. Anne aliomba wapewe nyumba ndogo ya bustanini wakae wawili tu mbali na wazazi, na humo alimtiisha mtoto kwa nguvu. Wako wanaosema kwamba bila utii ule kisima kisingefaa kitu. Sisi hatuna hakika, na mwanachuo asiichukue sehemu hii kuwa ni kibali cha kupiga.

Tena njia yake ilikuwa na gharama, nayo ilidhihirika mapema. Mwishoni mwa mwaka 1891 Helen, akiwa na miaka kumi na mmoja, alimtungia Anagnos hadithi juu ya mfalme wa sakitu iwe zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Anagnos aliichapisha kwa fahari. Punde ikagunduliwa kwamba inafanana mno na hadithi ya Margaret Canby iliyokwisha kuchapishwa zamani. Ilionekana kwamba Helen alisomewa hadithi hiyo kwa vidole mwaka 1888, alipokuwa Brewster nyumbani kwa mama mmoja rafiki wa Anne, kisha akasahau kwamba alisomewa. Mwaka 1892 aliitwa mbele ya baraza la watu wanane la shule ya Perkins, na Anne akaamriwa atoke nje. Mtoto alihojiwa peke yake. Kura ziligawanyika nne kwa nne, na kura ya Anagnos ndiyo iliyomwokoa, ingawa baadaye naye aligeuka. Helen hakuandika tena hadithi za kubuni.

Mtoto mwenye macho na masikio hukumbuka neno pamoja na sauti ya aliyelisema, chumba kilivyokuwa, rangi ya jalada la kitabu. Kwa alama hizo hujua lipi lake na lipi la mwingine. Kwa Helen mambo yote, ya vitabuni na ya barazani, yaliingia kwa mlango mmoja, katika kiganja kile kile. Si ajabu kwamba yalichanganyika. Anne alikuwa amemmiminia lugha bila kipimo, na kipimo hicho ndicho walichokidai wakubwa wa shule. Hata hivyo hatujamwona mwalimu aliyepata lugha ya mtoto kwa kuibana.

Miaka ya chuo kikuu tutaipita upesi. Helen alisoma Radcliffe kuanzia mwaka 1900 hadi 1904, na Anne aliketi kando yake akimtahajia kila mhadhara, kisha akimsomea vitabu kwa macho yake mabovu mpaka yakaharibika zaidi. Shahada ilikuwa ya mmoja. Mwaka 1905 Anne aliolewa na John Macy, aliyesaidia kuhariri kitabu cha maisha ya Helen cha mwaka 1903. Ndoa hiyo ilivunjika baada ya miaka michache, ingawa hawakutalikiana.

Fedha ndiyo iliyowapeleka kwenye burudani. Mihadhara haikutosha. Filamu ya maisha yao iliyotolewa mwaka 1919 haikuleta faida. Basi mwaka 1920 waliingia katika yale maonyesho ya mchanganyiko yaliyopendwa sana Marekani, ambamo waimbaji, wachekeshaji, wanasarakasi na wanyama waliofundishwa hufuatana jukwaani usiku mmoja. Zamu yao ilikuwa ya dakika ishirini hivi. Anne alitangulia kuwasimulia watu jinsi alivyomfundisha Helen. Kisha Helen akaonyesha jinsi alivyosoma maneno usoni pa mwalimu wake, kidole kimoja kwenye midomo, kingine puani, gumba kwenye koo. Filamu fupi ya habari ya mwaka 1930 imehifadhi kitendo hicho, na anayeweza kuipata ataona zaidi ya tuwezavyo kueleza. Baadaye watazamaji waliuliza maswali.

Fikirini safari ya swali moja. Lilitoka kinywani mwa mtazamaji, likapita ukumbi wenye watu wengi, likasikika na Anne, likageuzwa kuwa herufi kiganjani, likamfikia Helen. Jibu likatoka kwa sauti aliyoanza kufundishwa mwaka 1890, ambayo wageni waliielewa kwa shida, kwa hiyo Anne akalirudia. Claude Shannon, mhandisi wa Marekani aliyechapisha nadharia ya mawasiliano mwaka 1948, ameandika juu ya kelele zinazoweza kuuharibu ujumbe katika njia yake. Njia ile ilikuwa na nafasi nyingi za kelele, na ilihitaji mtu mmoja wa kusimama katikati asichoke. Helen aliyajua makofi kwa mtikisiko wa sakafu chini ya miguu yake. Yeye aliipenda kazi ile. Anne hakuipenda: taa za jukwaani ziliyaumiza macho yake, na mara nyingine Polly Thomson, aliyekuja kuwasaidia tangu mwaka 1914, alishika nafasi yake.

Walikuwapo walioona kwamba ni aibu mwanamke msomi kuonyeshwa kati ya wanasarakasi na wanyama. Sisi tunaona kwamba aibu, kama ipo, ilikuwa upande mwingine. Watu walikuja kutazama mwujiza, na kwa kuwa walitazamia mwujiza ndio waliouona. Mwalimu alisimama mbele yao kila siku akieleza kwamba ni mazungumzo tu, mchana kutwa, kwa miaka, nao wakapiga makofi na kwenda nyumbani wakizungumzia kisima.

Waliacha jukwaa mwaka 1924, wakaendelea na kazi ya kuchangisha fedha kwa ajili ya vipofu. Macho ya Anne yalizidi kufifia, na katika miaka yake ya mwisho yeye mwenyewe alikuwa karibu kipofu kabisa. Alifariki tarehe 20 Oktoba 1936 nyumbani kwao Forest Hills, New York, Helen akiwa amemshika mkono. Majivu yake yaliwekwa katika Kanisa Kuu la Washington. Tangu siku ile vidole vilivyozungumza katika kiganja cha Helen vilikuwa vya Polly Thomson.